Aliyepoa na Jua la Milima ya Huri

"Usimzike aliyepoa kabla jua halijamfikia."

Ndivyo nilivyomwambia Jirma jana, alipokuja kunieleza kwamba mnataka kuvunja kikundi chenu cha kufuga nyuki kwa sababu mizinga imenyamaza. Mwenzenu Talaso akaniuliza methali hiyo imetoka wapi, maana hajaiona katika vitabu vya shule. Hataiona. Hatukuachiwa na mababu. Ilizaliwa nikiwa mwanamke mzima, na aliyeitamka mara ya kwanza tulikuwa tukipika naye chungu kimoja. Kaeni basi niwaeleze ilivyoanza. Habari yenyewe inaanzia mbali, katika jangwa ambalo si letu.

Siku hizo tulikuwa tunaishi Kalacha, ukingoni mwa jangwa la Chalbi. Palikuwa na mwanamume aitwaye Guyo, mtu wa ngamia tangu utoto wake. Ngamia akigoma kulala chini apakiwe mizigo, watu walimwita Guyo. Alikuwa akija, anasimama karibu na mnyama bila kusema neno, na baada ya muda ngamia analala. Dada yake, Qabale, aliolewa na kaka yangu Wario. Kwa hiyo Qabale alikuwa wifi yangu, na Guyo tukawa tunaitana shemeji.

Mwaka mmoja walikuja wageni kutoka Australia, watu wa shirika la kuhifadhi wanyama. Walisema kwao kuna jangwa kubwa, na humo mna ngamia wa porini, uzao wa ngamia waliopelekwa zamani kubeba mizigo kisha wakaachwa wajitafutie. Ngamia hao walikuwa wakivunja nyua za hifadhi na kuyachafua maji machache yaliyomo katika mashimo ya miamba. Wageni walitafuta watu watakaoweza kuwakamata na kuwatuliza bila bunduki. Wakasikia habari za Guyo, wakamchukua.

Alikaa huko misimu kadhaa. Aliporudi, Kalacha nzima ilikusanyika kwa mama yake, Tumme, kusikia habari za ng'ambo. Watu walitaka kuambiwa juu ya majengo marefu na magari. Guyo akanywa chai yake, akafikiri, akaanza kuwaeleza habari za mnyama anayeenea kiganjani.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Amevuka bahari akatuletea habari za panya!" Tangu siku hiyo wakamwita Guyo Panya. Hakukasirika. Alijibu tu, "Si panya. Panya ndiye chakula chake."

Mimi sikucheka, maana nilipenda alivyokuwa akisimulia. Alisema mchanga wa jangwa lile ni mwekundu kama chungu kilichotoka tanurini, na umejipanga kwa matuta marefu, tuta baada ya tuta, hadi macho yanachoka. Kati ya matuta huota nyasi ngumu kwa mafungu ya mviringo, na kila jani ni sindano. Ukipita hapo na miguu mitupu utajuta. Ng'ombe hawazili. Lakini chini ya mafungu hayo, penye kivuli, mna kijiji kizima cha viumbe wadogo: mijusi, buibui, panzi, panya. Na mfalme wa kijiji hicho ni mnyama anayeitwa mulgara.

Rangi yake ni ya mchanga. Pua imechongoka, masikio ni mafupi, na meno yake ni kama miiba ya mgunga. Jike hubeba watoto wake chini ya tumbo, ndani ya mkunjo wa ngozi, wakining'inia kwenye chuchu, wadogo kama maharage. Mkia wake ni mnene karibu na mwili na mwembamba mwishoni, wenye nywele nyeusi zilizosimama kama brashi. Humo mkiani ndimo anamoweka mafuta yake, kama kondoo wetu anavyoyaweka kwenye mkia, na kama ngamia anavyoyabeba nunduni. Maji hayanywi. Anayapata katika damu na nyama ya anachokula. Huchimba shimo lenye midomo mingi, adui akiingia huku, yeye anatokea kule.

"Kiumbe kidogo vile," Guyo alisema, "lakini ukimtazama unaona hana wasiwasi na jangwa. Jangwa ni kwake."

Kazi ya hifadhi ile ilikuwa kuwalinda wanyama wa namna hiyo, kwa sababu paka na mbweha walioletwa zamani kutoka ng'ambo walikuwa wamewamaliza sehemu nyingi. Mara kwa mara waliwatega kwa vijisanduku vya bati ili wajue kama bado wapo na kama wana afya, kisha wakawaachia. Aliyesimamia utegaji alikuwa mama mmoja wa makamo, Bi Noreen, mwenyeji wa jangwa lile, mzao wa watu waliokuwapo pale kabla ya mtu mwingine yeyote. Guyo akawa anamsaidia kabla ya kwenda kwa ngamia wake.

Kuna majira ambapo jangwa lile huwa na baridi kali. Asubuhi moja walitoka wakakuta umande umeganda, nyasi zimekuwa nyeupe kama zimenyunyiziwa chumvi. Guyo akafungua kisanduku cha kwanza. Ndani alikuwamo mulgara jike, amejikunja, mgumu, baridi kama jiwe la mtoni. Alimgeuza. Miguu haikucheza. Akamweka karibu na shavu lake asikie pumzi. Hakusikia kitu. Kisanduku cha jirani kilikuwa na dume, naye yuko vilevile.

Guyo hakupenda kutupa kiumbe kilichokufa hivi hivi tu. Akapiga magoti, akaanza kufukua mchanga kwa mkono.

"Unafanya nini?" Bi Noreen akamwuliza.

"Nawazika."

"Nani amekwambia wamekufa?"

"Mkono wangu."

"Mkono wako una joto," Bi Noreen alisema. "Mkono wenye joto hudanganywa na baridi. Walete hapa."

Akawachukua wote wawili, akawaweka juu ya kitambaa, ubavuni mwa fungu la nyasi upande unaotazama mashariki, mahali pasipopigwa na upepo. Kisha akaketi. Guyo naye akaketi. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza nyuma ya tuta, na mwanga ulikuwa ukiteremka polepole kuelekea walipokuwa.

Bi Noreen akamweleza jambo ambalo Guyo hakulisahau. Alisema chakula kikiwa haba na baridi ikizidi, mnyama huyu hupunguza moto wake mwenyewe. Moyo unapiga mara moja moja, pumzi inakuwa nyembamba, mwili unapoa. Anafanya kama mama anavyofukia makaa kwenye majivu jioni, ili asubuhi akute bado pana moto. Ukipita hapo utasema jiko limezimika. Asubuhi mnyama huenda mwenyewe kwenye mlango wa shimo lake, akajianika juani, akapata joto tena. Lakini hawa walifungiwa kwenye bati. Hawakuweza kulifuata jua.

Mwanga ukawafikia. Kwa muda hapakutokea kitu. Guyo akaanza kuona haya kwa niaba ya yule mama. Kisha sharubu za jike zikatikisika. Ukaja mtetemo, mdogo, halafu mkubwa, mpaka mwili wote ukawa unatetemeka kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Guyo akanyoosha kidole kumgusa. Mulgara akafumbua macho, akamng'ata kidole damu ikatoka, akatoweka chini ya nyasi.

Bi Noreen alicheka sana. "Sasa umeamini?"

Lakini dume hakuamka. Waliendelea kuketi. Jua likapanda, mchanga ukapata moto, umande ukakauka wote. Mwishowe Bi Noreen akamwinua, akamtazama, akamweka ndani ya lile shimo alilolianza Guyo, akamfunika.

"Kwa nini huyu hakuamka?" Guyo akauliza.

"Sijui. Labda alikuwa amekonda. Labda aliingia mtegoni mapema mno."

"Basi jua halikumsaidia."

Bi Noreen akapangusa mikono yake. "Jua halifufui mtu," alisema. "Jua linatuambia ukweli. Sasa tunajua."

Hayo ndiyo Guyo aliyotusimulia, akatuonyesha na alama ya meno kidoleni. Watu walicheka, wakamaliza chai, wakaenda zao.

Haikupita mwaka, mvua ikakatika. Chalbi ikawa nyeupe, malisho yakaisha, na watu wa Kalacha wakapandisha mifugo Milima ya Huri, ambako nyasi hubaki kwa sababu ya ukungu. Mnaijua milima ile. Haina miti ya maana, ni nyasi na mawe na upepo. Mchana unaweza kuungua, na jioni meno yanagongana. Tulipanda na mbuzi wetu, tukapiga kambi chini ya mteremko: mimi, Wario na Qabale, Mama Tumme, na baba yetu mdogo, Mzee Jattani. Huyo Mzee Jattani ndiye aliyetulea mimi na Wario baba yetu alipofariki. Alikuwa mkali, lakini kipande cha mwisho cha nyama alikuwa akitupa sisi. Guyo alikuwa ameshuka na ngamia kuchota maji, maana Huri haina kisima.

Mvua ikaja bila kubisha hodi. Jioni tuliona wingu jeusi upande wa Ethiopia, tukashangilia. Wario na Qabale walikuwa juu na mbuzi. Mvua ilipofika haikuja kama rafiki. Ilikuja ya baridi, imelala kwa upepo, ikipiga kama changarawe. Mbuzi waliokonda kwa njaa hawawezi kustahimili mvua ya namna hiyo. Hugeuza migongo na kuufuata upepo mpaka waanguke. Tulijua Wario hatawaacha, na tulijua Qabale hatamwacha Wario. Wanaume walitoka kuwatafuta mara mbili, wakarudishwa na ukungu.

Kulipopambazuka waliwapata. Walikuwa nyuma ya jiwe kubwa, katikati ya mbuzi waliokufa. Wario alikuwa amevua shuka yake na kumzungushia mkewe juu ya nguo alizokuwa amevaa, akabaki na kikoi kilicholowa. Wakaletwa kambini kwenye ngozi, wakalazwa chini. Ukungu ulikuwa bado umetufunika, humwoni mtu aliye hatua chache mbele yako.

Mzee Jattani akainama juu yao mmoja baada ya mwingine. Akaweka shavu lake puani. Akashika shingo. Akainua mkono wa Wario, ukabaki mgumu. Alipoinuka uso wake ulikuwa kama wa mtu asiye na umri.

"Chimbeni," akawaambia wanaume. Nami akaniambia, "Darmi, mwanangu, mwandae wifi yako."

Nilikwenda kwa Qabale. Nilimshika uso. Watoto wangu, nimeshika maiti wengi maishani, na uso ule haukuwa na tofauti. Midomo ya buluu, vidole vimekunjika, ngozi baridi kuliko mvua yenyewe. Nikaanza kumfungua ushanga. Nilikuwa nikisikia majembe yakigonga mawe, na Mama Tumme akiwa ameketi nyuma yangu.

Ndipo Guyo akatokea kwenye ukungu na ngamia wake. Nadhani alielewa kutokana na sauti ya majembe. Akaacha kamba za ngamia zianguke, akaja akapiga magoti kati ya dada yake na shemeji yake. Aliwagusa. Kisha akainua kichwa akatazama mashariki, ambako hapakuwa na kitu ila weupe.

"Jua limewafikia?" akauliza.

Hakuna aliyemwelewa.

"Nauliza, tangu waletwe, jua limewafikia?"

"Guyo," Mzee Jattani akasema kwa upole, "pole, mwanangu. Wamekwenda. Nimewaangalia mwenyewe."

"Mzee, neno lako naliheshimu. Lakini mkono wenye joto hudanganywa na baridi. Naomba wasizikwe bado. Ngojeni ukungu uondoke."

Mwanaume mmoja aliyekuwa akichimba akaguna. "Habari za panya tena."

"Ndiyo," Guyo akajibu. "Habari za panya."

Mzee Jattani akasimama wima. "Sikiliza. Kuchelewesha maiti ni kumwonea. Na hawa si wanyama wa hadithi. Huyu nimemlea mimi. Unafikiri nina haraka ya kumtia udongoni?"

"Sivyo, mzee."

"Basi fikiri. Utawaambia watu wangoje, watangoja. Jua litakuja na hawataamka. Je, mama yako hapo umemfanya nini? Umempa tumaini ili umnyang'anye. Atafiwa mara mbili siku moja. Mzigo huo utaubeba wewe?"

Mzee Jattani alikuwa amesema kweli, na sote tulijua.

Aliyejibu ni Mama Tumme. Hakuinuka. Alisema, "Jattani, machozi hayaozi. Kama ni ya kulia, nitalia mchana kama ambavyo ningelia asubuhi. Waacheni wangojewe."

Majembe yakanyamaza.

Guyo akaanza kutoa maagizo, yeye ambaye hakuwa msemaji. Tuwavue nguo zilizolowa. Tusiwasugue, tusiwatikise, wala tusiwaweke karibu na moto mkubwa. Akawalaza ngamia wawili chini, wazuie upepo, na kati ya ngamia akatandika ngozi kavu. Akasema mtu mwenye joto alale na kila mmoja wao, ngozi kwa ngozi, chini ya blanketi. Nikavua nguo zangu za juu nikaingia kwa Qabale. Ilikuwa kama kukumbatia gogo lililotoka mtoni.

Kwa Wario palikuwa na kusitasita. Wanaume walikuwa wamelowa kwa kutafuta na kuchimba. Mzee Jattani akatazama huku na huku. Kisha, bila kumwangalia Guyo, akavua shuka yake, akajilaza, akamkumbatia mtoto wa kaka yake kifuani kama alivyomkumbatia alipokuwa mdogo.

Tukangoja.

Sijui kama mmewahi kungoja hivyo. Kila pumzi yako unaifikiria ni ya mwenzako. Mara nyingi nilidhani Qabale amecheza, kumbe ni moyo wangu mwenyewe. Mate ya ngamia yalikuwa yakidondoka blanketini. Mama Tumme alikuwa ameshika mguu wa binti yake kwa mkono mmoja na mguu wa Wario kwa mkono mwingine.

Ukungu ukaanza kupasuka. Kwanza tukaona jiwe, kisha mteremko, kisha mwanga wa manjano ukatambaa juu ya nyasi ukaja hadi miguuni petu. Ukanipiga shingoni. Ukampiga Qabale usoni. Nilimtazama kope zake. Hazikucheza. Nikafumba macho yangu maana sikutaka kuona.

Ndipo nikausikia. Haukuwa moyo wangu. Ulikuwa mtetemo, ndani kabisa, kama wa mtu anayecheka kwa siri. Ukapotea. Ukarudi. Ukapanda mgongoni kwake na kuingia mikononi, mpaka meno yake yakaanza kugongana karibu na sikio langu.

"Anatetemeka!" nikapiga kelele. "Shemeji, anatetemeka!"

Guyo akaja akaweka kiganja chake kifuani mwake, akabaki hivyo, machozi yakimtiririka ndevuni. "Usimwachie," akasema. "Kutetemeka ni kuzuri. Mwache atetemeke." Qabale akatoa sauti kama ya mwanambuzi. Wanaume waliokuwa ndani ya shimo wakatoka, wengine wakapiga magoti, na yule aliyeguna akaanza kuomba dua kwa sauti.

Mimi niligeuza kichwa upande wa pili, nikimtazama kaka yangu. Nilikuwa na hakika. Kwa kuwa mmoja ameamka, basi na mwingine yuko njiani. Jua lilikuwa limewaangukia wote sawasawa. Nilingoja kope za Wario.

Jua likapanda. Qabale akapewa maziwa ya vuguvugu, tone kwa tone. Mvuke ukatoka kwenye ngozi, nyasi zikakauka, ngamia wakaanza kutaka kuinuka. Mzee Jattani hakuondoka pale. Jasho lilikuwa likimtoka kwenye paji la uso na kudondokea nywele za Wario. Mtu akimletea maji alikataa. Mtu akimgusa bega alisema, "Bado."

Yule aliyetaka kuzika asubuhi ndiye sasa asiyekubali kuzika mchana.

Guyo akaenda akachuchumaa mbele yake. Alikaa kimya muda mrefu, kama anavyokaa na ngamia. Kisha akasema taratibu, "Mzee. Limemfikia."

"Bado."

"Limemfikia, baba. Limemfikia usoni, limemfikia kifuani. Wewe mwenyewe umemfikia. Hakuna alichonyimwa."

Mzee Jattani akamtazama. "Una hakika?"

"Sasa nina hakika. Asubuhi sikuwa nayo, wala wewe hukuwa nayo."

Mzee akamwachia polepole. Akamfunika uso. Tukamzika Wario alasiri, jua likiwa limeelekea magharibi, na Mzee Jattani ndiye aliyeweka jiwe la kwanza. Shimo la pili tulilifukia likiwa tupu. Sijawahi kuona watu wakifukia shimo kwa namna ile, wakilia huku wakimshukuru Mungu.

Qabale alipelekwa kwenye zahanati. Vidole viwili vya mguu havikupona, lakini yeye alipona. Kwa siku za mwanzo tulimficha habari za Wario, na tulijidanganya, maana alijua. Nilikuwa nikimnywesha uji aliponishika mkono.

"Darmi, alinivisha shuka yake," akasema. "Nilimkatalia akanivisha kwa nguvu."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mlimzika lini?"

"Siku ileile."

"Asubuhi?"

Hapo nikaelewa anachouliza. Alikuwa amesikia jinsi yeye alivyoamka. Alikuwa akilala kila siku akifikiria kwamba labda mumewe naye alikuwa na kaa moja chini ya majivu, na watu wakaliweka udongoni.

"Alasiri," nikamjibu. "Alilala kando yako kati ya ngamia. Baba mdogo alimkumbatia. Ukungu uliondoka, jua likaja."

"Lilimfikia?"

"Lilimfikia mpaka Mzee Jattani akatoka jasho. Tulimngoja kama tulivyokungoja wewe. Tulimngoja zaidi yako."

Qabale akauachia mkono wangu. Akageukia ukuta, akalia kilio chake cha kwanza cha ujane, kirefu, na mimi nikakaa pale na bakuli la uji mpaka likapoa. Alipomaliza alilala usingizi. Manesi walisema huo ndio usingizi wake wa kwanza wa kweli tangu afike.

Tuliporudi Kalacha watu walikuja kutupa pole. Katika wanawake waliokuja alikuwamo mmoja ambaye hakuwa mbaya ila ulimi wake ulimtangulia. Alisema, "Afadhali wewe uliamka. Lakini yule marehemu, masikini, kuwekwa juani siku nzima kwa bure! Ilikuwa na faida gani kumngoja?"

Watu wakainamisha vichwa. Mimi nilitaka kumjibu vibaya. Qabale akanitangulia, na sauti yake haikuwa na hasira.

"Faida ni yangu mimi," alisema. "Ninalala. Angezikwa kwenye ukungu, nisingelala tena maisha yangu yote. Usimzike aliyepoa kabla jua halijamfikia. Akiamka, umempata. Asipoamka, umemzika aliyekufa, hukumzika mtu mwingine."

Maneno hayo yalitoka nyumbani mle siku ileile. Mzee Jattani akayasema barazani. Wachungaji wakayabeba hadi Maikona na North Horr, wakayakata mwisho, wakabaki na sentensi moja. Hakuna aliyemwita tena Guyo kwa jina la panya, ingawa nadhani yeye mwenyewe alilipenda.

Siku hizi nasikia watu wakiisema methali hii kwa mambo mengi: duka lisilo na wateja, mchumba aliyenyamaza, ndugu waliokosana. Na mimi nimewaambia ninyi kwa ajili ya mizinga. Si vibaya. Lakini msiisikie nusu. Methali haikuahidi kwamba aliyepoa ataamka. Kaka yangu hakuamka. Mwaweza kungoja, mkafungua mizinga hiyo jua likiwa kali, mkakuta nyuki wamekufa kweli. Hapo mtaichoma kwa moyo mweupe, na hakuna atakayekaa miaka akijiuliza. Kinachokatazwa ni kuchimba katika ukungu, kwa mkono wako wenye joto, ukasema umejua.

Sasa Jirma, iseme tena mwenyewe, taratibu, wenzako wasikie.

Usimzike aliyepoa kabla jua halijamfikia.